Nilimweka Marehemu Kwenye Feni ya Nekesa

Nimekosa. Sikusukumwa na mtu, sikudanganywa, wala sikuwa nimelewa. Nilikaa nikapanga, nikaoga, nikavaa nguo nzuri, nikaenda kufanya ubaya mchana kweupe. Sasa umenikaa kooni na sina wa kumwambia ila wewe usiyenijua. Nitukane ukitaka, lakini nisikilize kwanza.

Jina langu liache. Ukipita Busia upande wa Kenya, pale malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka, utaona vibanda vingi vya kuchapisha mabango. Kimoja ni changu. Natengeneza mabango ya turubai, stika za magari na vibao vya maduka. Zaidi ya yote natengeneza mambo ya matanga, yaani picha kubwa ya marehemu ya kuweka langoni, na kile kijitabu cha mazishi chenye ratiba na historia yake. Watu wanatoka Masaba na Masinya, wengine Tororo huko Uganda, wanavuka mpaka kuja kwangu. Nina mkono mzuri, haki ya Mungu, hilo hata adui yangu atakubali.

Nekesa nilimfundisha mimi. Alipokuja kwangu hakujua hata kushika kipanya cha kompyuta. Nilimwonyesha jinsi ya kukata picha, kuchagua rangi na kubandika stika bila mapovu, na tukawa ndugu kabisa. Ananiita Dada, tunakula sahani moja, watoto wangu wanamjua kwa kelele zake tangu getini. Halafu akapata kazi Nairobi kwa watu wa matangazo, akakaa huko miaka kadhaa, akarudi Busia na masanduku.

Ndani ya sanduku moja kulikuwa na ile feni.

Ni feni ya kawaida ukiiona imezimwa, ila mapanga yake yamejaa vitaa vidogo vidogo. Ikiwashwa inazunguka kwa kasi mpaka mapanga yanapotea machoni, unabaki unaona picha inaelea hewani. Hakuna kioo, hakuna ukuta nyuma. Siku ya kwanza aliiweka mbele ya duka la mzee mmoja muuzaji wa jumla. Jamani! Chupa ya soda ikatokea hewani, ikajigeuza, ikafunguka yenyewe. Watu wa boda walizima pikipiki. Kina mama wauza dagaa wa omena waliacha makarai yao njiani, mwingine akanyoosha mkono kuishika ile chupa, watu wakacheka hadi machozi.

Hata mimi nilicheka. Nilifurahi kama dakika moja hivi. Dakika ya pili tumbo likaanza kuniuma.

Wiki iliyofuata yule mzee wa jumla, mteja wangu tangu nifungue kibanda, akaniambia bila haya, "Mama, mabango yako ni mazuri, lakini yamelala. Siku hizi watu wanataka kitu kinachowaita." Yamelala! Mabango yangu! Nikamwambia sawa, nikatabasamu, nikaenda nyuma ya kibanda nikapiga ndoo teke.

Kanisani nako mchungaji akasimama akamshukuru Mungu kwa "binti yetu mwenye kipaji." Nyumbani mume wangu anatafuna ugali huku anasema, "Huyu msichana ana akili kweli!"

"Msichana gani? Huyo niliyemfundisha mimi?"

"Ndiyo huyo. Kwani wewe ulishindwa nini kununua moja?"

Siku hiyo nilikula nikashiba hasira tu. Ni wivu, rafiki yangu, sina jina lingine la kuupa. Nikaanza kupita njia ya nyuma nisilione duka lililo na feni. Akisifiwa nasema, "Ah, ni taa tu." Nikaambia watu inaharibu macho ya watoto. Nilikuwa naamka asubuhi, kabla hata sijasali, namfikiria yeye na masanduku yake.

Na hakunikosea kitu! Hicho ndicho kilinizidishia uchungu. Alikuja kibandani kila jioni na mandazi ya moto, anakaa kwenye kigoda chake kilekile, ananiuliza, "Dada, hii rangi imekaa?" Angeringa kidogo ningepata sababu ya kumchukia. Hakuringa hata siku moja.

Ikaja kazi ya kampuni fulani ya majani ya chai. Walitaka kuzindua chai yao Tororo kwa kishindo. Nekesa akawabunia kikombe kikubwa sana cha faiba, unapanda ngazi tatu unakaa ndani. Unapigwa picha, unapewa pakiti ya chai bure, na baada ya dakika moja uso wako unaonekana kwa ile feni ukielea juu ya kikombe, pale mvuke ungekuwa. Nyuso zinapanda kwa zamu. Ukisikia mtu mzima anapiga kelele "Ni mimi! Ni mimi!" ujue ameona uso wake angani. Na stika za maua ya kile kikombe alinipa mimi nichapishe. Nilizibandika kwa mikono yangu hii.

"Dada," akaniambia tukibandika, "mabosi wakipenda hii ya Tororo, nakwenda nayo Mbale, Soroti, Lira, upande wote huo. Nikipata hii nimetoka!"

Nikamwambia, "Utapata, mdogo wangu." Moyoni nikasema, hupati.

Nilijua jinsi feni inavyofanya kazi, maana alinieleza mwenyewe, tena kwa furaha. Inasoma picha zote zilizo kwenye folda moja ya laptopu, moja baada ya nyingine. Ukiongeza picha yoyote humo, nayo inapanda zamu yake ikifika.

Na mimi kwenye kompyuta yangu nina marehemu wengi.

Nilimchagua Othieno. Alikuwa fundi wa simu karibu na soko la Tororo, kijana mcheshi, karibu kila mtu pale amewahi kumpelekea simu. Aliugua siku tatu tu akafa, wakamzika kwao Nabuyoga. Kaka zake ndio walioniletea picha, ameipiga amevaa jezi ya mpira, anacheka meno yote nje. Familia nyingi hazina picha ya marehemu amevaa vizuri, kwa hiyo nilifanya ninachofanya siku zote. Nilikata kichwa nikakivalisha suti ya kijivu na tai nyekundu. Suti hiyo nimewavalisha wanaume wengi. Nekesa ndiye aliyeikata zamani kutoka picha ya gazeti, alipokuwa akijifunza kwangu.

Basi nikamfungua Othieno, nikamwekea nyeusi nyuma, kwa sababu kwenye ile feni rangi nyeusi haionekani, mtu anabaki peke yake hewani. Nikamtia kwenye flashi. Niliwaza hivi: watamwona, watapiga nduru, watasema ni uchawi, kampuni itafungasha virago, na Nekesa atarudi kubandika stika kama sisi wengine.

Utaniuliza, hukumfikiria mama yake? Nilimfikiria. Nikajiambia wa Nabuyoga yuko shambani, hatakuja mjini. Nikaendelea na kazi.

Siku yenyewe watu walijaa mpaka barabarani. Muziki juu, watoto wa shule na pakiti za chai mkononi, mwamba wa Tororo umesimama pale nyuma, kila kitu kizuri. Nekesa alivaa fulana ya kampuni, anaruka huku na huku, sauti imemkauka. Mabosi walikuwa wanacheka. Nikaona jinsi walivyomtazama nikajua kazi amepata. Akaja mbio, akanipa laptopu. "Dada, nishikie kidogo, bosi ananiita."

Akanipa mimi! Katika watu wote waliokuwa pale!

Nikachomeka flashi, nikamnakili Othieno kwenye ile folda. Nilifanya polepole kama ninayebandika stika, na hilo ndilo linanitisha mpaka leo. Akapanda askari mmoja na kofia yake, watu wakamshangilia. Wakapanda wanafunzi wawili. Akapanda bibi mmoja asiye na meno ya mbele, uwanja mzima ukavunjika mbavu. Halafu akapanda Othieno, anacheka, na suti yake ya kijivu.

Kwanza kicheko kiliendelea. Halafu sauti ikatoka upande wa soko. "Si huyo Othieno? Othieno fundi?"

"Othieno gani? Si tulimzika!"

Weee! Nduru iliyopigwa pale sijawahi kuisikia. Watu wakakimbia, wakakanyagana, kisha wanaume wakarudi na mawe. "Wakenya wamekuja na majini! Wanauza watu wetu kwa chai!" Nekesa akatokea kutoka nyuma ya gari la kampuni akinipigia kelele, "Dada, zima! Zima!"

Nikajifanya sijui nibonyeze wapi. Mimi niliyemfundisha kompyuta! Nilishika ile laptopu nikababaika makusudi, nikamwacha Othieno azunguke.

Ndipo nikaona mwanamke mmoja anakuja, watu wote wanakimbia yeye anakuja. Alikuwa na karai la njugu kichwani, amelishika kwa mkono mmoja. Akafika mpaka kwenye kikombe, akasimama, akainua uso. Hakulia. Nekesa alikuwa ameshafikia waya.

"Musizime," yule mama akasema. "Tafadhali, musizime. Mimi bado naangalia."

Nekesa hakumsikia, akang'oa waya. Feni ikapunguza mwendo mpaka yakabaki mapanga tu. Yule mama akamgeukia, kwa sauti ya chini kabisa, akamuuliza, "Sasa mtoto yangu amekwenda wapi?"

Jiwe la kwanza likapiga feni. Polisi wakamchukua Nekesa wakamweka kituoni mpaka watu wapoe, na mabosi wakapakia kikombe chao wakaondoka, wakamwambia asiwapigie simu tena. Mimi nilirudi Busia na mkoba wangu. Unajua nilihisi nini njiani? Njaa. Nilinunua chapati mbili nikala.

Kesho yake Nekesa alikuja kibandani. Hakuja na mandazi. Alikaa kwenye kigoda akalia, na sikio lake moja lilikuwa limekwaruzwa na jiwe. Nilidhani analilia kazi au feni. Kumbe!

"Nimeuliza nikaambiwa yule ni mama yake," akasema. "Dada, lazima niende nikamwombe msamaha."

"Msamaha wa nini? Kwani ni wewe uliyemweka?"

"Sijui nani alimweka. Pengine mtu alituma picha kwa utani. Lakini mashine ni yangu. Twende wote, tafadhali, peke yangu naogopa."

Ningekataaje? Tukanunua sukari, sabuni na unga, tukavuka, tukachukua pikipiki mpaka Nabuyoga.

Boma ni dogo, muhogo umelizunguka, kaburi la saruji liko pembeni ya nyumba. Mama Othieno alitukaribisha vizuri, akatutolea viti. Nekesa akapiga magoti kama wanavyosalimia huko, akaanza kueleza.

"Simama, nyabo," yule mama akamwambia, ndivyo wanavyomwita mwanamke kwa heshima huko. "Mimi sina hasira. Nauliza kitu moja tu. Hiyo mashine yako inaweza kumuleta tena?"

"Imevunjika, mama."

"Haya. Siku ya kumuzika mimi sikuona kitu. Walikuwa wamenishika, macho ilijaa maji. Pale Tororo ndiyo nilimuona vizuri. Alikuwa anacheka."

Mimi nilikuwa natazama kuku. Naapa, nilihesabu vifaranga ili nisisikie.

Akaingia ndani, akatoka na kile kijitabu cha mazishi, amekifunga kwenye karatasi ya nailoni. Akamwonyesha Nekesa picha ya juu. "Ni hii hii. Mwenye alitengeneza, Mungu amubariki. Alimuvalisha mtoto yangu. Kwa maisha yake yote hakuvaa suti."

Nekesa alikitazama kile kijitabu. Akaitazama suti. Akakigeuza nyuma, pale chini ninapoandika jina la kibanda changu na namba ya simu. Rafiki yangu, niliona uso wake ukijua. Hakupiga kelele wala hakunitazama. Akasema polepole, "Mama, aliyetengeneza ni huyu dada."

Alinifungulia mlango, unaelewa? Alinifungulia mlango akasubiri niingie mwenyewe. Yule mama akanishika mikono yote miwili, akaishika kwa nguvu, akasema asante, asante sana, nyabo, Mungu akulinde. Na mimi nikafungua mdomo.

Nikasema, "Asante, mama."

Woi! Hiyo asante bado naisikia.

Tulipofika njiani, mbali kidogo na boma, Nekesa akasimama. "Picha hiyo ilikuwa kwako tu."

"Nekesa, mdogo wangu..."

"Usiniite hivyo. Kwa nini?"

Nikamwambia. Sikuwa na la kumficha tena. Nikamwambia niliona wivu, kwamba kila mtu alikuwa akisema Nekesa, Nekesa, na mimi ndiye niliyemfundisha. Ukilisema kwa sauti, kando ya shamba la mtama, linasikika upumbavu mtupu.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Ya kwangu nitakusamehe siku moja, sijui lini," akasema. "Lakini ya yule mama si yangu. Rudi umwambie. Mimi nitakungoja hapa hapa, hata saa ngapi."

Nilisimama. Paa la ile nyumba lilikuwa linaonekana. Hatua mia mbili, labda hazifiki. Pikipiki ikatokea, nikainua mkono, nikapanda. Nilimwacha Nekesa barabarani.

Sasa hebu sikiliza adhabu yangu. Hakuniumbua. Hakumwambia mtu hata mmoja. Alihamia Kisumu, ameajiriwa huko, simu zangu hapokei. Na biashara yangu imerudi! Mzee wa jumla alikuja akicheka, "Mama, turudi kwa mabango yetu, yale mengine ni ya majini." Nimechapisha turubai hadi mashine inachemka. Nilichotaka nimekipata chote, na jioni naangalia kile kigoda sina wa kumuuliza kama rangi imekaa. Mume wangu akiuliza kwa nini Nekesa haji siku hizi nasema yuko bize.

Kubwa zaidi ni simu. Mama Othieno aliichukua namba yangu kwenye kijitabu, mjukuu wake humsaidia kupiga. Ananisalimia salamu ndefu: habari ya watoto, habari ya kazi, habari ya mzee. Akivuna njugu ananitumia kwa wanaovuka mpaka. Siwezi kuzila, siwezi kuzitupa, nazigawa kwa majirani nao wanasifu.

Wiki jana amepiga tena. Wanafanya ibada ya kumbukumbu ya Othieno Jumamosi, anataka bango kubwa la kuweka langoni. Kaka zake walitaka lichapishwe Tororo, ni karibu, akakataa. "Sitaki mutu ingine," akaniambia. "Wewe ndiye unamujua."

Ndugu zangu mnaosoma gazeti hili, na hasa wewe mwenye kibanda, mwenye saluni, mwenye cherehani, unayemwona mwenzako ameleta kitu kipya na watu wamemkimbilia: ukisikia tumbo linakuuma hivyo, mwambie mtu. Mwambie hata yeye mwenyewe, "Nakuonea wivu," mcheke, muendelee. Usifunge mlango ukakaa na wivu peke yako, maana utakupa akili ambazo hukujua unazo. Mimi nilijiona mwerevu sana. Nilimlenga Nekesa, nikampata mama wa watu, na huyo hakuwa hata na habari kwamba mimi nipo duniani.

Bango nimelimaliza. Safari hii nimemwacha Othieno na jezi yake. Jumamosi nalipeleka Nabuyoga mwenyewe, asubuhi kabla ya watu wa kanisa kufika, na nimejiambia nitapiga magoti na kusema. Nimejiambia hivyo mara nyingi.

Mama Othieno hasomi magazeti, kwa hiyo haya hatayaona. Umeyajua wewe kabla yake, na yeye ndiye aliyestahili kuyajua kwanza. Hata katika kuungama nimeanza na mtu asiye yeye.